Diski Niliyoifunga Ndani

Robi mwanangu,

Umeenda Kehancha kumuaga bibi yako, na najua hatakuachilia kabla hujala mara mbili, kwa hiyo nina nyumba peke yangu mchana huu wote. Mambo ya nauli, shuka, sabuni na cheti cha kuzaliwa mama yako aliyaandika kwenye ile karatasi ya njano. Ifuate hiyo. Mimi sina la kuongeza kuhusu sabuni.

Nataka kukueleza habari ya kompyuta yetu. Najua hupendi itajwe. Barua ya chuo ilipokuja ikisema unaweza kuchagua ualimu au masomo ya kompyuta, uliisoma umesimama mlangoni, ukasema, "Mimi na mashine hatuelewani, Baba. Nijazie ualimu." Nikaketi nikajaza ile fomu kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni. Nilipofika kwenye sahihi mkono ulisita, maana nilijua kinachokufukuza kwenye mashine, na nilijua ni nani aliyekiweka. Nikatia sahihi hata hivyo. Hilo ni la mwaka huu. Mengine ni ya zamani kidogo.

Mimi ni Mkuria, mama yako ni Mjaluo wa Homa Bay, na Kiswahili ndipo tulipokutana. Kikuria hakukijua, na Kijaluo changu kilimchekesha mpaka akawa hasikii ninachomwomba. Tulipooana yeye alikuwa muuguzi mkunga katika hospitali kule kwao, mimi nilikuwa nimepewa darasa na nyumba hapa Migori. Tukapatana: Jumatatu hadi Ijumaa yuko kule, wikendi yuko hapa. Wewe ulipofika umri wa shule ukabaki na mimi. Ulikulia kwenye mpango huo ukaudhani ni wa kawaida, na kwa kweli ulikuwa wa kawaida. Nusu ya walimu wenzangu waliishi hivyo.

Lakini hukusikia nilichokuwa naambiwa. Baba yako mkubwa, Chacha, alikuwa akija kutoka Kehancha siku za katikati ya wiki, anaketi kwenye kochi, anapokea chai niliyoipika mimi, anakiangalia kikombe kwanza. Siku moja akaniuliza, "Mwita, una mke au una mgeni wa Ijumaa?"

Nilicheka. Alipoondoka niliosha vikombe, na yale maneno yakabaki nami kwenye karai. Mgeni wa Ijumaa. Ningeweza kumwambia mama yako, tukayacheka pamoja, yakaisha. Sikumwambia. Niliyaweka moyoni kama mtu anayeficha jino bovu, nikawa natafuna kwa upande mmoja tu.

Kompyuta niliipata kwa mradi mmoja wa maji uliokuwa unafunga ofisi yake mjini. Ilikuwa imetumika sana, rangi imekuwa ya meno ya mvuta sigara, lakini iliwaka. Mimi niliitaka kwa ajili ya kupiga chapa mitihani ya shule na ratiba za mazishi. Mama yako aliizunguka mwezi mzima bila kuigusa. Halafu Jumamosi moja akaketi, akaanza kubonyeza kwa kidole kimoja, herufi moja baada ya nyingine, kama anayetoa mawe kwenye mchele. Nilipochungulia, nilikuta ameandika jina la bibi kizee mmoja wa Ndhiwa, na chini yake: "Alianza kuzalisha wanawake kabla hajazaa mwenyewe."

Hivyo ndivyo kitabu kilivyoanza. Wajua jinsi anavyowaheshimu wale wanyamrerwa, wakunga wa vijijini ambao wenzake hospitalini huwasema vibaya. Alianza kuwafuata makwao siku zake za mapumziko. Alikuwa na kinasa sauti kidogo na kaseti mbili. Alimkuta mmoja analima, akalima naye. Mwingine alikuwa kipofu na alimtaka kwanza ampe mikono aipapase, ajue kama ni mikono ya kazi. Aliwauliza dawa wanazotumia, na maneno wanayomwambia mama ambaye mtoto anakataa kutoka, na jinsi mtoto anavyopata jina lake. Wikendi anakuja hapa, anasikiliza kaseti, anaandika. Akimaliza anarekodi mwingine juu ya kaseti ileile. Daftari za mwanzo tuliziweka stoo, mchwa wakazila, na wala hatukusikitika sana. Mimi ndiye niliyesema, "Daftari za nini tena, si yote yako ndani ya mashine?"

Moja naikumbuka kwa sababu alinisomea kwa sauti. Kule Macalder kuna mama alishikwa na uchungu akiwa mtoni anachekecha dhahabu. Mkunga alimzalisha palepale kwenye kokoto, akamwosha mtoto ndani ya karai ileile ya dhahabu. Mtoto alipokua, watu wakawa wanamtania kwamba alipooshwa mkunga alichungulia masikioni kama kuna chembe imebaki. Mama yako alisoma hiyo akicheka mpaka akavua miwani. Hiyo ninayo. Nyingine zote, Robi, nilidhani kuna wakati wa kuzisoma kitabu kikiisha. Sura ya saba ilikuwa ya kuzaliwa kwako. Niliona kichwa chake tu.

Sasa, diski. Ndani ya kompyuta kuna kile kisanduku cha chuma kinachotunza kila unachoandika hata stima ikizimwa. Ya kwetu ilikuwa ndogo na ilikuwa imechoka. Ilijaa, halafu ikaanza kukoroma kama mzee aliyelala chali. Mama yako akaogopa. Akaniambia nimwone Salim, yule mwenye duka la redio karibu na msikiti, ambaye watu wake walikuja hapa kutoka Mombasa zamani na ambaye alikuwa fundi pekee aliyeijua kompyuta hapa mjini.

Kabla sijaenda, mama yako alinieleza anachotaka. Tulikuwa jikoni, yeye anaparua samaki. Alisema amesikia kuna diski za aina mbili.

"Kuna ya kufungwa ndani, na kuna ya nje, ya kubeba. Nichukulie ya kubeba."

"Ya kubeba uende nayo wapi?"

"Kazini. Stoo ya dawa wana kompyuta, na saa kumi jioni hakuna anayeigusa. Mkubwa wao amenikubalia. Nitakuwa naandika kila jioni badala ya kungoja Jumamosi. Mwaka huu nitamaliza."

Alisema kwa furaha, magamba ya samaki yamemjaa mikononi. Unajua mimi nilisikia nini? Nilisikia kwamba Jumamosi haitakuwa na haja tena. Kitabu ndicho kilichokuwa kinamleta, nilijiambia, na kikianza kukaa kwenye mkoba wake, atakuja kufanya nini Migori? Wewe na mimi hatukuingia katika hesabu yangu. Ndivyo mtu mwenye wivu anavyopiga hesabu, anajitoa mwenyewe halafu analia kwamba hayumo.

Salim alinitolea zote mbili, akaziweka juu ya kioo cha kaunta. Alikuwa mtu wa kueleza jambo taratibu, na Kiswahili chake kilinifanya mimi mwalimu wa Kiswahili nijihisi mwanafunzi.

"Hii ya ndani, Mwalimu, naifunga kwa skrubu nne, tunafunika, umeisahau. Ina kasi, haichukui nafasi mezani, haina waya wa kunaswa na mguu wa mtoto. Kasoro yake ni moja. Baya likiipata mashine, limeipata na hii." Akagusa ile nyingine, iliyokuwa kwenye kikasha chake na waya wake wa stima. "Hii ya nje unaichomeka nyuma pale panapokaa printa. Ni nzito kidogo kufanya kazi, na ukiiangusha umeiua. Lakini unaichomoa, unaitia mkobani, unakwenda nayo utakako. Nyumba ikiungua, kazi yako haimo ndani."

"Ipi bora?"

"Bora kwa nani? Kazi iliyomo ni ya nani?"

"Ya nyumbani," nikasema.

"Basi wa nyumbani amesemaje?"

Nikamwambia amesema nichague mimi. Nilisema hivyo bila kupepesa macho, Robi. Salim akachukua bisibisi.

Nilipofika nyumbani nilimwambia mama yako kwamba Salim ameshauri ya ndani, kwamba za nje hazidumu, vumbi la huku linaziua. Akaniuliza, "Salim mwenyewe amesema?" Nikasema ndiyo. Akanawa mikono, akaketi, akaanza kuandika. Alikuwa akimwamini Salim. Na ile diski mpya ilikuwa na kasi kweli, na haikukoroma, na alikuja kila Ijumaa jioni bila kukosa, na mimi nikajiona mtu mwenye akili.

Nisingependa udhani nailaumu ile diski. Ya ndani haina ubaya. Ofisi nyingi zinaitumia, na mtu aliye peke yake na mashine yake mahali pamoja hana haja ya nyingine. Ningeichukua kwa sababu ya kasi, au kwa sababu ya bei, lingekuwa chaguo kama machaguo mengine, na kama lingetuponza tungesema ni bahati. Mimi niliichukua ili mtu asiondoke. Kifaa hakikuumbwa kwa kazi hiyo.

Sasa nafika kwenye siku yenyewe, na hapa nakuomba usome polepole.

Unakumbuka sheria ya nyumba hii ilikuwa ni wingu likikusanyika upande wa ziwa, kompyuta inazimwa na waya unachomolewa ukutani. Radi za huku unazijua. Jumamosi ile asubuhi ulikuwa umeitumia kuandika insha yako ya shule. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Ulipomaliza ukaizima, ukachomoa waya, ukauzungusha vizuri kama nilivyokufundisha, ukauweka juu ya mashine, ukaenda kwa rafiki yako. Niliuona huo waya. Niliuona kwa sababu ni mimi niliyeushika baadaye.

Mama yako alikuwa ameenda kutazama mgonjwa mtaa wa pili. Mimi nilikuwa na rundo la insha za kusahihisha na sikutaka kuzisahihisha. Nikauchomeka waya nikawasha mashine, nikafungua ule mchezo wa karata. Nilicheza saa nzima, labda zaidi. Wingu lilikuja, nikaliona dirishani, nikasema nimalize mkono huu. Matone ya kwanza yalipogonga mabati nilikumbuka mahindi yaliyoanikwa nje kwenye turubai, nikakimbia. Nilikuwa uani nimekunja turubai nusu wakati radi ilipopiga. Mlio na mwanga vilikuja pamoja. Nguzo ya stima pale njia panda ilitoa moshi.

Nilipoingia ndani chumba kilinuka plastiki iliyoungua. Skrini ilikuwa nyeusi. Nikachomoa waya nikautupa chini nyuma ya meza, na nikasimama pale, maji yananitiririka, nikiangalia mashine kama mtu aliyegonga ng'ombe wa jirani.

Wewe na mama yako mlifika karibu wakati mmoja, mvua ikiwa imepungua. Alinusa kabla hajavua viatu. Akabonyeza swichi mara tatu. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Nani aliyeiacha?"

Nilifungua mdomo. Nakuapia niliufungua. Lakini wewe ulitangulia.

"Mimi niliitumia asubuhi," ukasema. "Nilichomoa, nadhani. Sijui, Mama. Labda sikuchomoa vizuri."

Uliniangalia. Ulitaka nikwambie kama ulichomoa. Na mimi, baba yako, nikaweka mkono begani kwako nikasema, "Watoto husahau, Mama Robi. Tusimlaumu."

Nilikusamehe mbele ya mama yako kosa lililokuwa langu. Nimetafuta jina la tendo hilo kwa miaka mitatu na sijalipata. Ulipolia usiku ule nilikuletea maziwa. Ulisema, "Asante, Baba," na nikapokea asante hiyo.

Salim aliifungua mashine siku ya Jumatatu. Ubao wa ndani ulikuwa umeungua, na diski nayo. Akaituma Nairobi kwa watu anaowajua, ikarudi vilevile. Hakunilaumu. Alitazama tu rafu nyuma yake, ambako ile diski ya nje ilikuwa bado imekaa ndani ya boksi lake, hakuna aliyeinunua, kisha akanitazama mimi, kisha akaanza kutengeneza redio ya mtu mwingine.

Kulikuwa na disketi moja, kidiski chembamba cha kubebea kurasa chache, ambayo mama yako aliwahi kuijaribia. Tuliifungua kwenye mashine ya Salim. Ndani yake ulikuwa ukurasa mmoja tu, wa shukrani. Alikuwa amewashukuru wale bibi wote kwa majina, halafu mwisho akanishukuru mimi kwa kumletea kompyuta na kumtunzia kazi yake. Salim aliusoma wote kwa sauti kabla sijamzuia.

Nilimwambia aanze upya. Akasema yule wa Ndhiwa amekufa, na yule kipofu hasemi tena. Akaendelea kuja Ijumaa kwa muda, halafu mara moja kwa mwezi, halafu wewe ndiye uliyekuwa ukienda kwake likizo. Kile nilichokizuia kwa skrubu nne kilikuja chenyewe, tena polepole, nikikitazama. Kaka yangu Chacha aliacha kunitania. Akija sasa anapika chai mwenyewe.

Na wewe hukugusa tena kitu chenye kibodi. Shuleni kwenu walipoleta kompyuta mbili, mwalimu wako aliniambia unajitolea kufagia nje wakati wenzako wanaingia. Nilimjibu kwamba huo ndio moyo wako tu. Siku hizi redio inasema mwaka elfu mbili ukiingia kompyuta zote zitachanganyikiwa, na wewe ukasema, "Afadhali," ukaendelea kula. Niliacha kula mimi.

Jumatano iliyopita nilikwambia nina mkutano wa walimu. Sikuwa na mkutano. Nilienda Homa Bay kumwambia mama yako. Niliona si haki ujue wewe kwanza, halafu uondoke na mzigo wa kuamua kama umwambie. Nilimkuta nyuma ya nyumba yake, anaanua nguo. Nilimwambia kila kitu nikiwa nimesimama, Salim na uongo wangu, karata, mahindi, mkono wangu begani mwako. Nilitegemea anipige au aniambie niondoke. Alikunja shuka. Akakunja nyingine. Halafu akaniita Wuon Robi, yaani Baba Robi kwa lugha ya kwao, kama anavyoniita akiwa na jambo zito.

"Wuon Robi, unajua nimekuwa nikimkasirikia nani miaka hii yote?"

Nilingoja jina langu.

"Mtoto. Nimemkasirikia mtoto. Nilijua ni vibaya, nikawa namfichia. Akija likizo nampikia, namsuka, na ndani yangu kuna mahali namwona amesimama karibu na ile meza. Nilidhani hajui." Akakaa kwenye kiti kidogo cha kufulia. "Anajua. Mtoto hujua. Ndiyo maana alikuwa haachi kuniuliza kama nimechoka."

Robi, hilo sikulijua. Nilidhani nimekubebesha hatia peke yake. Sikujua nilikuwa pia nimechukua kitu kwa mama yako ambacho kilikuwa chako. Nimeandika sentensi hii mara nne na haiwi nyepesi.

Sikuombi usamehe. Nilishatumia neno hilo vibaya nyumbani humu. Wala sikwambii ubadilishe masomo. Ukipenda ualimu, ni kazi nzuri, mimi ni mwalimu na sijutii darasa hata moja. Ila nimeandika barua kwa msajili wa chuo, iko ndani ya bahasha hii pamoja na hii yangu, inasema kwamba fomu ilijazwa na mzazi na kwamba mwanafunzi hakupata nafasi ya kufikiri. Ukitaka, mpe. Usipotaka, ichane. Sitakuuliza ulifanya lipi.

Mama yako anafika kesho asubuhi kukusindikiza. Mimi hutaniona pale steji. Utasema nimeona aibu, na aibu ninayo, lakini siyo sababu. Nilipokuwa naondoka kule Homa Bay alinifuata mpaka kwenye lango. Nilimwuliza nimwambie nini mtoto, nianzie wapi.

"Mwandikie yako," akasema. "Lakini siku ya kumsindikiza usije. Siku ile ya radi ulimsemea. Safari hii mwache anisikie mimi, na mimi nimsikie yeye."

Baba yako,
Mwita